Fungate ya Mtu Mwingine

Ramani alikuwa amewapeleka watu kuona tembo miaka yote ya ujana wake, na yeye mwenyewe hajawahi kuona tembo hata mkia.

Jina hilo la Ramani alipewa na madereva. Mwulize njia yoyote ya hifadhini, atakujibu bila kuinua macho: hii hujaa maji mvua ikinyesha, ile ina mawe yanayochana matairi, pale kwenye mkuyu pinda kushoto, usithubutu kupinda kulia, kulia kuna matope ya kumeza gari mpaka milangoni. Yote hayo aliyajua akiwa kwenye kiti cha ofisi, kando ya dirisha lililotazama uwanja wa kuegeshea magari. Kiti kilikuwa cha Shangazi. Ofisi ilikuwa ya Shangazi. Magari yalikuwa ya Shangazi. Na amri kwamba msichana wa ofisini hapandi gari kwenda porini ilikuwa ya Shangazi vilevile.

"Porini kuna nini usichokijua?" Shangazi humjibu kila akiomba. "Wewe ndiye kichwa cha kampuni hii. Kichwa hakiendi popote. Magurudumu yapo."

Magurudumu, maana yake madereva. Na katika magurudumu hayo kulikuwa na mmoja aliyeitwa Polepole, kwa sababu hakuwahi kumtimulia mtu vumbi. Akipishana na gari jingine porini, alipunguza mwendo mpaka likapita. Akimkuta duma na watoto wake, alizima injini mbali na kungoja, hata wageni wakinung'unika. Kila asubuhi aliita kwenye redio ya upepo kuripoti hali ya njia, na kila asubuhi, akishamaliza habari za madaraja na matope, aliongeza kitu kisichoulizwa.

"Ofisi, ofisi. Daraja la chini linapitika. Halafu kuna korongo wawili wamesimama mtoni, kila mmoja kampa mwenzake mgongo, kama watu waliogombania shuka. Nimeona nikuambie."

Nimeona nikuambie. Kwa maneno hayo mawili Ramani alipenda. Hakukuwa na maua wala barua. Alipenda kwa sauti iliyokwaruza kwenye redio, ya mtu aliyeona kitu kizuri na kukataa kukiona peke yake. Gari lilipokuwa uwanjani walizungumza dirishani, yeye ndani, Polepole nje na kikombe chake cha chai isiyo na sukari. Siku moja alimwambia, "Kiti cha mbele kando yangu siwekei mzigo. Wenzangu hujaza mabegi. Mimi nakiacha." Hakusema anamwachia nani. Ramani hakuuliza. Alishindwa kulala.

Halafu, ghafla, maneno yakakatika. Redio ikaita, "Ofisi, daraja linapitika," basi, kimya. Polepole akawa anachukua funguo dirishani macho chini, kama mtu anayechukua dawa. Ramani akasubiri aseme. Kiburi kikamzuia kuuliza. Akajiambia amepata mwingine, pengine wawili, wasichana wa kambini si wanasifika kwa uzuri? Akajikaza, akafanya kazi.

Ni katika siku hizo kavu ndipo Shangazi alipomletea kazi ya fungate.

"Bwana na bibi harusi," Shangazi alisema, mkufu wake ukicheza shingoni. "Wageni wa heshima kuliko wote tuliowahi kupata. Nataka safari ambayo watu wataisimulia mpaka wajukuu."

"Nipe namba zao niongee nao."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, na ndiyo iliyoipa kampuni jina. Hakupanga safari ya mtu asiyemjua. Alimpigia kila mgeni akamwuliza: unaamka mapema au unachelewa? Unaogopa nini? Kitu gani ukirudi bila kukiona utalia njia nzima? Kutokana na majibu hayo ndipo alipojua lango la kuingilia, kambi ya kulala, na hata upande wa kukaa garini.

"Hawa huwapigii. Bibi harusi anafichwa mpaka dakika ya mwisho."

"Shangazi, nitampangiaje mtu nisiyemjua?"

"Ni binti wa rika lako, tabia zako. Panga kana kwamba ni yako."

"Na bwana harusi?"

Shangazi akapunga mkono kana kwamba anafukuza nzi. "Mwanaume ni mwanaume. Mbuni."

Basi Ramani akambuni.

*

Siku ya kuwasilisha mpango, chumba cha nyuma kilikuwa kimefagiliwa na vikombe vizuri vimetolewa kabatini. Ramani aliingia na fimbo yake ya kuonyeshea ramani, akashangaa kumkuta mama yake amekaa pembeni, amevaa gauni lake la kwendea harusini.

"Mama? Kulikoni?"

"Nimekuja kumsalimia wifi yangu tu," mama alijibu, akiangalia vikombe.

Mezani alikaa pia Meneja, mtoto wa mwenye kambi za mahema kule hifadhini, kijana nadhifu, viatu vinang'aa hata unaweza kujitazama. Kuwepo kwake hakukumshangaza Ramani. Wageni wangelala kambini kwake, ilikuwa haki asikilize.

"Haya, mwanangu," Shangazi alisema. "Tupe."

Ramani akasimama mbele ya ramani kubwa ya ukutani. Sauti yake ilianza ya kikazi, kisha ikalainika bila yeye kujua.

"Tunaingia kwa lango la kusini, si la kaskazini. La kaskazini ni fupi, lakini ukitokea kusini barabara inapanda kilima, halafu nchi nzima inafunguka chini yako kwa mara moja. Bibi harusi hajawahi kuona mnyama wa porini. Nataka aanze kwa kuona ukubwa wa mahali, ndipo aone wanyama. Siku ya kwanza hatukimbilii simba. Tunakaa kwenye bwawa la viboko mpaka jua lipoe."

"Viboko," Meneja alisema, akitabasamu kwa adabu. "Wananuka."

"Wananuka, ndiyo. Lakini wanacheka. Ukikaa kimya unawasikia." Fimbo ikasogea. "Asubuhi wanaondoka kabla hakujapambazuka. Bwana harusi haamshwi, huamka mwenyewe kabla ya ndege. Apewe chai tu, isiyo na sukari, wala asibembelezwe kuweka. Kisha kinamasini. Hapo gari lisimame asubuhi nzima."

"Asubuhi nzima? Kinamasini kuna nini?"

"Ndege. Bwana harusi anapenda ndege. Atasema anaangalia njia, lakini anaangalia ndege." Ramani alitabasamu, macho yake yakiwa mbali. "Na wakimkuta duma mwenye watoto, wasimsogelee. Bwana harusi hatakubali. Injini izimwe mbali, wangoje. Bibi harusi akae kiti cha mbele, si nyuma. Kiti hicho kisiwekwe mzigo."

Mama akaacha kukoroga chai.

Meneja akakohoa. "Samahani. Kila kitu kizuri. Lakini mimi chai naweka sukari, tena nyingi. Na asubuhi nalala. Na ndege, kusema kweli..."

"Wewe?" Ramani akageuka. "Kwani unakwenda wewe?"

Meneja akamtazama Shangazi. Shangazi akamtazama mama. Mama akatazama gauni lake la kwendea harusini, na Ramani naye akalitazama, na hapo ndipo akili ilipomfunguka kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Binti wa rika lako. Tabia zako. Anafichwa mpaka dakika ya mwisho.

"Mnanioza," alisema taratibu. "Na fungate mmenipangisha mwenyewe."

"Si kukuoza," Shangazi alisema upesi. "Ni kukufurahisha. Tulitaka upate unachokipenda, sasa nani anajua unachokipenda kuliko wewe? Umependa kwenda porini, haya, nenda, tena kwa heshima, na mume, kwenye kambi itakayokuwa yako! Lakini hebu kwanza." Akainuka nusu, macho yamekuwa membamba. "Huyo mwanaume asiyetaka sukari umemtoa wapi?"

"Ulisema nimbuni."

"Huyu hukumbuni. Huyu anapumua."

Kabla Ramani hajapata jibu, gari liliingia uwanjani. Liliingia bila kelele na bila vumbi, likajipanga chini ya dirisha. Kisha sauti ya Fundi, yule wa magari asiyejua kunong'ona tangu azaliwe, ikapenya chumba kizima:

"Polepole! Kaka! Chai yako ile ya wagonjwa iko kwenye chupa! Nimekuachia bila sukari, usije ukafa kwa utamu!"

Shangazi akaketi kama gunia lililoachiwa.

"Dereva," alisema. "Msichana niliyemlea kwa mikono yangu. Dereva."

"Baba yangu alikuwa nani?" Ramani aliuliza. "Kaka yako alikuwa rubani?"

"Usimguse baba yako!" Ni mama aliyesema hivyo. "Mimi ndiye niliyeolewa na dereva, si shangazi yako. Mimi ndiye niliyekula peke yangu. Baba yako alimjua kila simba kwa makovu yake, siku uliyozaliwa akaijua wiki iliyofuata. Alikuwa akirudi amejaa habari, anaongea mpaka analala mdomo wazi, na mimi namsikiliza habari za mahali nisipopajua, kama mtu anayesimuliwa chakula. Sikukulea uje ukae mlangoni ungoje gari. Hata huyu angekuwa malaika."

Hilo lilimchoma Ramani, kwa kuwa lilikuwa kweli, na kwa kuwa mama hakuwahi kulisema.

"Mwiteni," Shangazi alisema. "Mwiteni huyo malaika wa chai chungu, tumalize."

*

Polepole aliingia amevua kofia, vumbi la njiani bado liko kwenye nyusi. Aliamkia wakubwa kwa zamu, akasimama karibu na mlango. Alipomwona Ramani mbele ya ramani, macho yake yalikaa kwake muda mfupi tu, lakini yalikaa kama mkono.

"Wewe," Shangazi alianza, "si nilishakujibu mara ya kwanza? Lugha gani huelewi?"

"Mara ya kwanza ipi?" Ramani aliuliza.

Shangazi akafunga mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Mara ya kwanza ipi, Shangazi?"

Polepole aligeuza kofia mikononi. "Nilikuja na mjomba wangu. Tulikuja kwa Shangazi kuomba, kama inavyotakiwa. Hatukupitishwa ndani. Tuliambiwa umeulizwa, na umesema hutaki kusikia jina langu. Ndiyo maana kwenye redio nikaacha. Niliona ni kukusumbua."

Zile asubuhi zote kavu. Zile funguo zilizopokelewa macho chini. Wivu wote alioupika na kuula mwenyewe, juu ya wasichana wa kambini wasiokuwapo. Ramani alishika ukingo wa meza.

"Na mimi nikadhani umenichoka."

"Nikuchoke?" Polepole alisema, kwa mshangao mtupu wa mtu aliyeulizwa kama amechoka kuvuta pumzi. "Juzi kinamasini nimewaona tena wale korongo. Wamepatana. Nilishika redio, nikairudisha. Sikuwa na wa kumwambia."

"Hebu!" Shangazi akapiga meza, vikombe vikaruka. "Hapa ni ofisini, si kwenye mchezo wa kuigiza! Ndiyo, niliwarudisha. Na ningewarudisha tena. Binti, unajua msimu wa wageni unakuja? Unajua mahema yote mazuri ya hifadhi nzima ni ya nani? Ni ya kwao huyu! Nilikuwa natengeneza maisha yako na maisha ya kampuni hii kwa mkupuo mmoja."

"Kwa hiyo nimebadilishwa kwa vitanda."

"Usinigeuzie maneno!"

"Sijageuza. Nimeyatoa ganda tu."

Meneja alisimama, akanyoosha koti. Uso ulikuwa umemwiva. "Mimi niliambiwa binti amekubali. Nimekuja hapa na nia njema. Nakaa nasikilizishwa safari ya mwanaume mwingine, chai yake, ndege wake, kiti chake. Nimeaibishwa."

"Pole kwa kudanganywa," Ramani alisema. "Tumedanganywa wote, na mtu mmoja."

Kisha akafanya kitu ambacho tangu aingie ofisi ile hajakifanya. Aliiweka fimbo mezani, akatoka nyuma ya meza, akamwendea Polepole mlangoni. Alisimama karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya vumbi na petroli.

"Nijibu hapa hapa, mama anasikia. Ukinioa utaniacha mlangoni ningoje gari?"

Polepole alimtazama mama, si Ramani, alipojibu. "Mama, mimi si mwepesi wa maneno. Lakini naona kitu kizuri, kinaniuma mpaka nimwambie yeye. Nimechoka kumwambia kwa redio. Kile kiti nimekiacha wazi ili akione mwenyewe. Siku asipotaka kwenda, nitakuwa na sababu ya kurudi mapema. Zaidi ya hapo sina cha kuahidi."

Mama aliangalia ukutani, kwenye ile ramani kubwa, ambako mtoto wake alikuwa ameonyesha lango la kusini, kilima, bwawa la viboko. Mahali pote ambapo mumewe aliishi na yeye hakuwahi kupakanyaga.

"Kesho asubuhi gari hili linarudi hifadhini kuchukua wageni," Ramani alisema, sasa akiongea na wote. "Linakwenda tupu. Mimi ndiye niliyelipanga, nalijua. Nitakaa kiti cha mbele. Mama, viti vya nyuma vyote viko wazi, njoo nawe uone alikokuwa baba. Tukirudi, Polepole atamleta mjomba wake tena, na safari hii mlango nitaufungua mimi. Ndoa itakuwa ya heshima, kila mtu atavaa atakacho. Lakini bwana harusi nimeshampanga. Mmemsikia wote."

"Ukipanda gari hilo," Shangazi alisema, sauti imeshuka na imekuwa ya hatari zaidi, "kiti chako hapa hakipo."

"Ni chako, Shangazi. Siku zote kilikuwa chako."

"Na kazi yako? Na jina lako? Nani atakayekuita Ramani huko nje?"

"Wale walionipa."

Nje dirishani Fundi, ambaye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa kimya, alisahau kujificha. "Tutamwita hata akiwa chooni!" alipayuka, kisha akainama nyuma ya gari.

Mama alikuwa akifunga mkoba wake. Aliufunga, akaufungua, akaufunga tena. Kisha, akimkabili Polepole kana kwamba anauliza bei ya sabuni, alisema:

"Kule asubuhi kuna baridi?"

"Ya kutosha, mama. Beba kitu cha kujifunika. Mablanketi ninayo pia."

"Na hao viboko. Wanacheka kweli, au ananidanganya huyu?"

"Wanacheka. Baba yake ndiye aliyenifundisha kuwasikiliza, nilipokuwa mwanafunzi wake wa udereva."

Mama akatikisa kichwa, midomo imebanwa, akaweka mkoba begani. Hakusema atakwenda. Alitoka tu kwenda kuangalia kama gari lina ngazi ya kupandia.

Shangazi alibaki na Meneja upande mmoja wa meza, na chai inayopoa, na mpango mzuri kuliko yote iliyowahi kutoka katika ofisi ile. Alipumua kwa nguvu. Alipoongea tena, aliongea kama mtu anayeokoa kikombe kimoja katika kabati lililoanguka.

"Sawa. Nenda. Umenishinda kwa mdomo, utashindwa na dunia. Lakini huyu ni mgeni wangu, mtoto wa watu. Amekuja kwangu amevaa vizuri, anatoka hapa amevuliwa nguo. Hutavuka mlango huo kabla hujamwomba radhi. Yeye na mimi."

Polepole akataka kusema kitu. Ramani akamgusa mkono, kidogo tu, mara ya kwanza kumgusa mbele za watu, akamnyamazisha.

Alimtazama Meneja, na hakumchukia. Alimtazama Shangazi, mwanamke aliyemlea, aliyemfundisha kusoma ramani akiwa bado anang'oka meno, na macho yakamlowa. Hakuyafuta.

"Shangazi, nakupenda, na nitakuja kukuamkia hata ukinifungia mlango. Uliniambia nipange safari hii kana kwamba ni yangu. Nimeipanga hivyo."

"Omba radhi."

"Siombi."

Akavuka mlango, akaenda uwanjani, akafungua mlango wa mbele wa gari. Kiti kilikuwa kitupu, safi, kimefutwa vumbi. Akakaa, ingawa safari ilikuwa ya kesho.

"Nimesema omba radhi!" Shangazi alimfuata kwa sauti dirishani.

Ramani akateremsha kioo.

"Nimekusikia, Shangazi. Siombi radhi."